Ngisi wa Machi si ngisi wa Februari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nakusanya takwimu za uvuvi dikoni kwetu, kaskazini Unguja. Tangu Julai hadi Machi nimepima ngisi kila mwezi, kati ya hamsini na mia. Urefu wa wastani haubanduki: sentimita 17, mara 18, mara 16, halafu 18 tena. Ukitazama karatasi zangu utadhani ngisi hawakui. Mzee mmoja mvuvi ananiambia ngisi mkubwa ana miaka mitatu, mwenzake anasema hafikishi hata mwaka. Nani mkweli, na mimi nitaujuaje umri wa ngisi? Nina vichwa kama arobaini kwenye friza, je, vitafaa?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa miezi tisa ya kupima. Wengi huchoka mwezi wa pili. Nianze na wazee wako. Kwa ngisi wa maji yetu ya joto, huyo anayesema hafikishi mwaka ndiye aliye karibu na ukweli. Lakini usimcheke yule wa miaka mitatu. Zamani hata wataalamu waliandika hivyo, tena wakiwa wametumia njia hiyo hiyo unayotumia wewe, ya kupima urefu mwezi hadi mwezi.

Hebu tuzitazame karatasi zako kwanza. Nenda shule yoyote kila Januari ukawapime kimo watoto wa darasa la kwanza. Mwaka huu, mwaka ujao, miaka kumi mfululizo, wastani hautabanduka. Hutasema watoto wa kijiji hicho hawakui, maana unajua waliokuwa darasa la kwanza mwaka jana sasa wako la pili, na madawati yao yamekaliwa na wadogo zao. Diko lako ni darasa la kwanza la ngisi. Uliowapima Februari, wengi wao Machi hawapo: wamevuliwa, wameliwa na samaki, au wametaga na kufa. Waliofika mahali pao ni kundi jingine lililokuwa dogo mno kuonekana mwezi uliotangulia. Katika bahari ya tropiki ngisi hutaga karibu mwaka mzima, kwa hiyo makundi yanafuatana bila pengo, moja likitoka jingine linaingia, na wastani unabaki umetulia kama maji ya mtungini.

Ongeza na ndoana. Kama wavuvi wenu wanatumia kamba wa bandia mwenye taji la ndoana nyuma, basi ngisi mdogo hamvamii kwa nguvu ile ile, na akimvamia hashikwi vizuri. Chombo chenyewe kimeshakuchagulia saizi kabla hujatoa rula. Kipimo chako ni sahihi kabisa. Kinachokosewa ni kukiuliza habari za umri.

Kosa hili lina historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daniel Pauly na wenzake, wakiwa Ufilipino, walitengeneza programu ya kompyuta iitwayo ELEFAN, inayochukua urefu wa samaki waliopimwa miezi mingi na kutafuta mkunjo wa ukuaji unaopita katikati ya vilele vya takwimu, yaani urefu ulioonekana kwa samaki wengi zaidi kila mwezi. Kwa nchi za joto ilikuwa baraka, kwani haikuhitaji maabara. Kwa samaki wanaozaliana kwa msimu mmoja na kuishi miaka kadhaa ilifanya kazi nzuri. Watu wakaichukua wakaivisha ngisi. Programu haikatai: ukiipa takwimu za ngisi itakupa jibu, na jibu lilikuwa mara nyingi ngisi anayekua polepole na kuishi miaka miwili au mitatu. Ilikuwa ikiunganisha vilele vya makundi tofauti na kuyafanya kundi moja linalojivuta. Mwaka 2000 George Jackson na wenzake Alford na Choat, wa Australia, waliijaribu njia hiyo kwa ngisi ambao umri wao ulikuwa umeshajulikana kwa njia nyingine, wakahitimisha kuwa haifai kwa ngisi. Nakuambia haya kwa sababu programu hizo bado zipo, ni za bure, na kuna siku mtu atakushauri uzitie takwimu zako humo. Asante umwambie, halafu usifanye.

Njia nyingine hiyo ni jiwe.

Wavuvi wanajua kwamba samaki kama changu ana mawe mawili kichwani. Ngisi naye anayo, ila ni madogo mno hata ukila kichwa chake huyahisi. Kila ngisi ana vijiwe viwili vyeupe, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita moja au mbili, au pungufu, vimekaa ndani ya vyumba viwili vya majimaji katika gegedu la kichwa, chini ya ubongo. Wataalamu huviita statoliti. Kazi yake ni mizani: ngisi akigeuka, akirudi kinyumenyume, akisimama ghafla, kijiwe kinasukuma vinyweleo vya chumba chake naye anajua wapi juu na wapi chini. Kimeumbwa kwa kalisi kaboneti ya aina ya aragonaiti, kikiongezewa tabaka baada ya tabaka tangu yai. Ukikikata na kukitazama kwa hadubini unaona pete, nyembamba na nyingi, kama za gogo la mti lakini zenye upana wa mikromita chache tu. Unywele mmoja wa kichwani kwako ungefunika pete kumi na zaidi.

Mwingereza Malcolm Clarke alizitaja pete hizi mwaka 1966. Mwaka 1978 Marek Lipinski wa Poland akapendekeza kwamba huenda kila pete ni siku moja. Pendekezo zuri, ila pendekezo halilishi mtu, na hapa ndipo napenda kazi ya wenzetu. Unathibitishaje kwamba pete ni siku, si wiki wala bamvua? Unamweka ngisi hai ndani ya tangi, unampa kitu kitakachoacha alama kwenye jiwe, unahesabu siku, unamuua, kisha unahesabu pete kutoka kwenye alama hadi ukingoni. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walifanya hivyo kwa ngisi wa Atlantiki aitwaye Illex illecebrosus, wakitumia strontiamu. Jackson alifanya hivyo kaskazini mwa Australia kwa ngisi wa tropiki akitumia tetrasaiklini, antibiotiki ile ile ya duka la dawa, ambayo hujishika kwenye kalisi na kung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Siku zilizopita na pete zilizoongezeka zikalingana. Kutunza ngisi hai ni shughuli: huruka nje ya tangi, hujigonga kutani, hulana. Anayekuambia ni rahisi hajawahi kumtunza hata mmoja.

Mwaka 1993 Jackson, Arkhipkin, Bizikov na Hanlon walilinganisha ngisi wa maabara waliojulikana siku ya kuanguliwa na wale wa baharini, kwa spishi ya Sepioteuthis lessoniana. Huyu unamjua vizuri, hata kama hujui jina lake la Kilatini: ndiye yule mnene anayezurura kwenye majani ya bahari na miamba, mapezi yake yamezunguka karibu mwili mzima kama pindo la kanzu. Umri wake ni chini ya mwaka mmoja. Kwenye matangi yenye chakula cha kutosha amefikia gramu 600 kwa miezi minne tu, naye alitoka kwenye yai akiwa na kiwiliwili cha milimita tano hadi saba. Wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo wanaokua kwa kasi hiyo ni wa kuhesabu. Ngisi wengine wa tropiki aliowahesabu Jackson wengi hawakupita siku 200, na kuna kijingisi kidogo kinachojibandika kwenye majani ya bahari, Idiosepius pygmaeus, ambacho maisha yake yote hayazidi siku 80. Kinaanguliwa, kinakua, kinazaa na kufa ndani ya msimu mmoja wa vuli.

Sasa kazi yenyewe. Mgeuze ngisi tumbo juu. Ondoa ule mrija wa kutolea maji. Nyuma ya kichwa, chini yake, utagusa gegedu gumu. Likate kwa wembe vipande vyembamba sana kwa ulalo. Kipande cha pili au cha tatu kitafungua vyumba viwili vyenye majimaji maangavu, na ndani yake vitone viwili vyeupe. Vitoe kwa kibanio chenye ncha laini, visuuze kwa maji safi, viweke kwenye kichupa chenye ethanoli. Usitumie fomalini. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilihifadhi vichwa vya ngisi wa miezi miwili kwenye fomalini, nikajiona mwanasayansi kweli kweli. Fomalini hugeuka tindikali taratibu, na tindikali hula aragonaiti. Nilipokuja kufungua nilikuta unga kidogo, na vingine havikuwepo kabisa. Mwalimu wangu hakunigombeza, alinipa ndoo tu akanielekeza sokoni.

Kijiwe unakigandisha kwenye kioo cha slaidi kwa gundi inayolainika kwa joto, upande uliobinuka juu, halafu unakisugua kwa msasa wa maji ulio laini sana, namba 1200 na kuendelea. Unasugua kidogo, unatazama, unasugua kidogo, unatazama. Unapofika karibu na kiini unapasha gundi moto, unakigeuza, unaanza upande wa pili. Ukizidisha mikwaruzo mitano umekipita kiini, na siku za mwanzo za maisha ya ngisi huyo zimekwenda na vumbi. Ndiyo maana Mungu ameweka viwili. Hadubini inayokuza mara 400 inatosha, ile ya kawaida ya maabara. Kinachokosekana kwetu mara nyingi ni gundi na subira.

Unaanza kuhesabu kwenye pete nzito iliyokizunguka kiini, ambayo ndiyo alama ya kuanguliwa, na kwenda mpaka ukingo wa juu wa kijiwe, ambako pete zimeachana vizuri zaidi. Hesabu mara mbili au tatu siku tofauti, na kama unaweza, mwenzako ahesabu bila kuambiwa urefu wa ngisi. Hili la mwisho watu hulipuuza. Ukijua ngisi alikuwa mkubwa, jicho lako litazipata pete za ziada zenyewe. Hesabu zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kitupe kijiwe hicho wala usitafute wastani wa kujifariji.

Ukishakuwa na idadi ya pete na tarehe ya kuvuliwa, unapata tarehe ya kuanguliwa, na hapo ndipo utamu ulipo. Tuseme umepata ngisi wawili wa sentimita 18. Mmoja alivuliwa tarehe 20 Machi, ana pete 132. Rudi nyuma siku 132: alianguliwa tarehe 8 Novemba. Wa pili alivuliwa tarehe 20 Oktoba, ana pete 165, basi alianguliwa tarehe 8 Mei. Kwenye karatasi zako hawa ni mapacha. Kwenye jiwe wametofautiana kwa zaidi ya mwezi, na sababu haiko mbali: wa Novemba alitoka kwenye yai maji yakiwa yanapanda joto kuelekea kaskazi, wa Mei akakulia kwenye kusi. Maji ya juu ya pwani yetu hushuka hadi karibu nyuzi 25 mwezi wa Agosti na Septemba, na kupanda hadi 29 au 30 ifikapo Machi. Mfano nimeutunga, lakini mwelekeo wake ndio ambao John Forsythe aliueleza mwaka 1993: ngisi anayeanguliwa maji yanapopata joto hukua haraka kumpita kaka yake aliyemtangulia wiki chache kwenye maji ya baridi, hata akamkuta na kumwacha.

Tofauti ndogo ya kasi huleta tofauti kubwa ya mwili kwa sababu ngisi mdogo hukua kwa riba juu ya riba. Kasi yake hupigwa hivi: chukua logariti asilia ya uzito wa baadaye, toa logariti asilia ya uzito wa mwanzo, gawanya kwa idadi ya siku. Kama ngisi wa siku 90 wana wastani wa gramu 60 na wa siku 130 wana gramu 240, uzito umezidi mara nne. Logariti asilia ya nne ni 1.386, ukigawa kwa siku 40 unapata karibu 0.035. Asilimia tatu na nusu kwa siku, yaani anajirudufu kila siku ishirini. Sasa mwongezee asilimia moja tu ya kasi katika siku 90 za kwanza, na mwishoni atakuwa na uzito karibu mara mbili na nusu ya mwenziwe. Benki ikikupa riba hiyo, ikimbie, ni matapeli.

Kwa hiyo usimvalishe ngisi ule mkunjo wa samaki unaofundishwa vyuoni, wa Bertalanffy, unaopanda kisha kulala karibu na urefu wa mwisho. Ngisi wa aina hizi hufa kabla mkunjo haujalala. Chora nukta zako kwanza, umri chini na uzito pembeni, utazame zenyewe zinaelekea wapi. Madume na majike uwatenge, kwani madume wa jamii hii huwa wakubwa zaidi.

Jambo moja linanitia wasiwasi kwenye takwimu zako: hukutaja spishi. Dikoni kwenu, mbali na huyo mwenye pindo la kanzu, hufika pia ngisi mwembamba mwenye mapezi nyuma tu, yenye umbo la almasi, wa jamii ya Uroteuthis. Wakiwa kwenye kapu moja mchuuzi anawaita ngisi wote, na ana haki, lakini wewe huna. Kama umewachanganya, wastani wako ni wa wanyama wawili tofauti. Dome usimtie kabisa. Mfupa wake mweupe una matabaka, ila idadi yake hubadilika kwa joto na chakula, huwezi kuisoma kama kalenda. Pweza naye vijiwe vyake havionyeshi pete za kusomeka. Kwake hutumika mdomo wake mgumu, ule kama wa kasuku, au vijiti vidogo vilivyobaki ndani ya mwili. Ngisi ana kitu kimoja zaidi, ule unyoya wa ndani unaong'aa kama plastiki ambao mama jikoni huuchomoa kwanza. Nao una mistari ya ukuaji, na nimeona watu wakiusoma vizuri, lakini ningekuwa wewe ningeanza na jiwe.

Utaulizwa yana faida gani yote haya kwa mvuvi. Mjibu kwamba samaki wa miaka kumi ana akiba baharini: mwaka mmoja ukiharibika, wakubwa wa miaka ya nyuma wapo watazaa. Ngisi hana akiba hiyo. Wote unaowaona leo walikuwa mayai chini ya mwaka mmoja uliopita, na ukijua miezi waliyoanguliwa wengi wao unajua miezi gani majani ya bahari yaliyobeba vishada vya mayai yasiburuzwe nyavu. Usiwaahidi lakini kwamba kufunga eneo miezi mitatu, kama wafanyavyo kwa pweza huko Kisiwa Panza, Pemba, kutaleta matunda yale yale. Pweza ana nyumba yake mwambani na atakusubiri humo. Ngisi ana mapezi.

Mpango wako basi: endelea kupima urefu, upande wa mgongo, kutoka ncha ya nyuma mpaka ukingo wa mbele wa kiwiliwili, bila mikono, kwa milimita na si sentimita. Kila mwezi chagua ngisi thelathini hivi kwa ajili ya vijiwe, na usiwachukue bila mpangilio, maana utapata wa sentimita 17 watupu; chukua wachache kwa kila saizi, na wale wadogo uwatafute kwa makusudi kwenye nyavu za dagaa zinazovua kwa taa. Andika tarehe, spishi, jinsia, uzito na hali ya mayai. Ukikosa hadubini, bisha hodi Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Buyu, Unguja, uende na vijiwe vyako tayari kwenye vichupa. Mtu aliyefika na sampuli husikilizwa kuliko aliyefika na barua.

Na vichwa vyako vya friza: ndiyo, barafu haidhuru kijiwe. Swali ni kama kila kimoja kimefungwa peke yake na kina karatasi ya tarehe na urefu wa mwili uliokatwa, tena imeandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka. Vyenye karatasi vitoe kesho, uvianze. Visivyo na karatasi navyo usivitupe, utavihitaji: ishirini vya kwanza utaviharibu kwa wembe na msasa kama sote tulivyoharibu, afadhali viwe hivyo.